Kodi ya mdogo wangu inaliwa na kila mtu. Nimchukulie laini?

Anti, shikamoo.

Naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 29 na tunaishi naye hapa Morogoro mjini. Ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Mama alikuwa akisema alichelewa kulia. Alisoma kitengo cha elimu maalumu mpaka akawapita walimu wake kimo, akatoka anajua kuandika jina lake, kuhesabu hadi ishirini, na kutaja kikosi kizima cha Yanga. Anajifulia, anapika ugali mzuri kuliko wangu, anapanda daladala mpaka Msamvu peke yake na anarudi salama. Anafanya kazi sehemu ya kuosha magari. Kwa siku anapata kati ya elfu tano na elfu nane, na bosi wake anampenda kwa sababu hachelewi na hachagui gari.

Hela ya kazini haimsumbui sana. Anakula, analipa nauli, anaweka vocha, siku nyingine anarudi na chenji na kuiweka kwenye kopo la maziwa. Balaa limeanza mama alipofariki mwaka jana. Aliacha nyumba ya vyumba sita, na kwenye kikao cha ukoo ilikubaliwa kodi ya vyumba viwili iwe ya mdogo wangu maisha yake yote. Kila chumba ni elfu thelathini na tano kwa mwezi na wapangaji wanalipa miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo Januari iliingia kwenye simu yake laki nne na ishirini. Baada ya wiki mbili nikamuuliza habari ya hela. Akaniambia, "Dada, imeisha yenyewe."

Nikafuatilia. Namba yake ya siri ni moja, mbili, tatu, nne, na nusu ya kijiwe wanaijua. Akitaka kutoa hela anampa wakala simu nzima, wakala anabonyeza. Kijana mmoja wa bodaboda alimkopa laki na nusu ya tairi na injini, mpaka leo anazunguka tu. Kuna mkopo wa simu ambao yeye hajui hata aliuomba lini, kila hela ikiingia unakatwa. Iliyobaki ilikwenda kwenye jezi, nyama choma na soda za watu wasiopungua sita.

Sasa kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye anayesimamia nyumba, amekuja na lake. Anataka mdogo wetu aombe mkopo wa halmashauri wa watu wenye ulemavu, hela ikanunue mashine ya kusaga, "na yeye atafaidika." Mjomba kwa upande wake anasema nimchukulie laini na kitambulisho, kodi iingie kwangu, nimpe hela ya soda basi. Nilipomgusia mdogo wangu jambo hilo alikaa kimya mpaka usiku, halafu akasema, "Kwani mimi mtoto? Mimi nafanya kazi."

Mume wangu ananionya kwamba nikizishika zile hela, hata nisipogusa shilingi, ukoo utasema nimekula mali ya mama. Je, nina haki ya kuchukua laini yake? Niende mahakamani nipewe usimamizi wake? Nimsaidieje bila kumfanya mtoto?

Dada mtu, Morogoro

*

Marahaba, mama. Pole na msiba.

Laini usimchukulie. Nakupa jibu hilo mwanzoni kwa sababu naona mjomba ameshakusukuma nusu ya njia. Haki ya kuchukua laini ya mtu mzima iliyosajiliwa kwa jina lake na kwa dole lake huna. Tena haitakusaidia. Mtu anayetoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni, ukimnyang'anya laini leo, wiki ijayo kijana wa kijiweni atamsajilia nyingine mwavulini, nawe hutajua. Sasa hivi angalau anakwambia hela imeisha. Ukimnyang'anya ataacha kukwambia.

Halafu soma tena barua yako mwenyewe. Umesema hela ya kazini haimsumbui. Mtu anayepata elfu sita, akala, akapanda daladala na bado akarudi na chenji kopo la maziwa, huyo anajua kutunza elfu sita. Asichoweza ni laki nne na ishirini zinazoingia mchana mmoja, tena kwenye simu ambayo kijiwe kizima kina ufunguo wake. Wapo wenye digrii wanaozimaliza vilevile, ila wao hakuna mjomba anayetaka kuwachukulia laini. Kwa hiyo tuuzuie mkupuo usimfikie kwenye simu. Kijana mwenyewe tumwache na simu yake.

Anza na simu wiki hii. Nendeni wote wawili kwenye duka la huduma la mtandao wake, yeye ndiye aongee, wewe uwe pembeni. Abadili namba ya siri, achague namba anayoikumbuka mwenyewe bila kuambiwa. Mtu anayekijua kikosi cha Yanga hakosi namba mbili za jezi za wachezaji anaowapenda, na mbili hizo zikiungana ni namba nne ambazo kijiwe hakitazikisia, alimradi asizitangaze. Muombe pia taarifa ya miamala ya miezi mitatu, muisome pamoja mjue nani alitumiwa nini, na muulize deni la ule mkopo limebaki kiasi gani. Lilipeni liishe, na aombe huduma hiyo ifungwe kwenye laini yake kama mtandao unaruhusu. Kabla hamjaondoka apige *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Msishangae mkikuta zipo zaidi ya moja. Ile isiyo yake ombeni ifutwe papo hapo.

Kuhusu wakala: mpeleke kwa wakala mmoja tu, mwanamke au mwanaume mwenye duka la kudumu, si wa meza ya kuhamahama. Mwambieni mbele ya mdogo wako kwamba simu haipokei mkononi. Yeye atamsomea hatua, mdogo wako atabonyeza. Itachukua dakika tano badala ya moja. Wakala akikataa kwa sababu ya foleni, tafuteni mwingine.

Sasa kodi. Fungueni akaunti ya benki kwa jina lake. Ana kitambulisho cha NIDA na ana jina la kuandika. Hata asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Waambieni hamtaki kadi ya ATM na hamtaki akaunti iunganishwe na simu. Benki nyingine zitakushauri akaunti ya majina mawili, inayotoa hela kwa saini zenu wote. Si mbaya, ina kinga nzuri: yeye hawezi kudanganywa akatoa zote, na wewe huwezi kutoa bila yeye. Ila mkichagua hiyo, andikeni karatasi inayosema hela yote ndani ni yake na wewe ni shahidi wa kutolea tu, isainiwe mbele ya mtendaji wa mtaa, nakala moja ikae kwa shangazi au mtu mwingine nje ya nyumba yako. Ukifa kesho, wanao wasije wakagawana kodi ya mjomba wao. Wapangaji wapewe namba ya akaunti hiyo, na iandikwe kwenye mkataba wa pango.

Laki nne na ishirini kwa wiki ishirini na sita ni kama elfu kumi na sita kwa wiki. Mimi ningempa elfu kumi kila Jumamosi, inatolewa mara moja kwa mwezi na kugawanywa kwenye bahasha nne, au tano mwezi ukiwa na Jumamosi tano. Kwa miezi sita hiyo ni laki mbili na sitini, inabaki laki moja na sitini ya bati likivuja, hospitali, na kitu kikubwa anachokitaka yeye. Nasema anachokitaka yeye. Kama ni redio, ni redio.

Kwenye kumfundisha hesabu, achana na daftari la shule. Alishakaa nalo miaka mingi na limefika lilipofika. Noti zetu zina picha, na picha anaziona vizuri kuliko mimi na miwani yangu. Nyekundu ina tembo, ya zambarau ina kifaru, ya elfu mbili ina simba, buku ina Nyerere. Weka mezani hela halisi, mfundishe kwamba tembo mmoja anabadilishwa na vifaru wawili au simba watano, na simba mmoja anabadilishwa na Nyerere wawili. (Atakubishia kwa nini Simba wapo kwenye hela na Yanga hawapo. Na ile elfu kumi nyekundu watu wanavyoiita msimbazi, mtakesha.) Halafu nendeni dukani kweli. Anaponunua soda ya buku, kabla hajatoa hela aseme, "Natoa simba, narudishiwa Nyerere." Aseme kwa sauti, muuza duka asikie. Muuza duka anayesikia mteja akitaja chenji yake mwenyewe hathubutu kuipunguza.

Vitu anavyonunua mara kwa mara havizidi kumi: nauli, chipsi, vocha, sabuni, soda, kukata nywele. Ajue bei ya hivyo tu. Hesabu ya dunia nzima haimhusu. Na akikosea kwenye hela ya Jumamosi, akimaliza elfu kumi Jumapili kwa nyama choma, usimjazie. Ana mshahara wa kila siku, hatalala njaa. Kusubiri mpaka Jumamosi ijayo anaweza, sisi wote tulijifunza hivyohivyo kwa hela zetu wenyewe.

Nije kwenye soda za watu sita, maana naona zimekuuma. Mwanaume wa kijiweni anayenunulia wenzake soda siku ana hela ni mwanaume wa kijiweni kama wengine. Uliza tu, na wao siku wanazo wanamnunulia? Bosi wake atakwambia ukweli. Kama wanamnunulia, hiyo ni nafasi yake kati ya watu, na itengewe fungu kwenye ile elfu kumi. Kama ni yeye tu siku zote, hapo anapigwa, na dawa yake ni bosi aseme neno moja mbele ya wote, si dada kwenda kugombana kwenye maji ya kuoshea magari.

Kijana wa bodaboda ni habari nyingine. Laki na nusu si soda. Taarifa ya miamala mkiwa nayo mkononi, mwiteni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mdogo wako awepo na aseme mwenyewe, kijana aandikishwe atarejesha kiasi gani kila wiki. Zikirudi zote itakuwa bahati. Hata zisiporudi, kijiwe kitakuwa kimeona kwamba nyuma ya mdogo wako kuna watu wanaosoma.

Mfundishe sentensi moja ya kujikinga, fupi, na muirudie mpaka iwe kama salamu: "Mambo ya hela kubwa namuuliza dada kwanza." Aitumie kwa anayekopa, kwa anayeleta karatasi isainiwe, na kwa anayepiga simu akisema umeshinda zawadi au "ile hela itume kwenye namba hii." Meseji za namna hiyo zikija, akuonyeshe, na wewe uzipeleke kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli, kisha mzifute pamoja.

Sasa kaka mkubwa na mashine yake ya kusaga.

Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inatengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na ikarudi 2024, kwa hiyo watu wengi sasa wanatafuta jina la kuombea, na jina la ndugu mwenye ulemavu ni rahisi kupatikana nyumbani. Fungu lenyewe ni zuri. Kama mdogo wako angetaka mashine yake ya kuoshea magari, ningekwambia umsindikize kesho kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Lakini hiyo mashine ya kusaga ni ya nani? Itakaa kwa nani? Hela ya mauzo itashikwa na nani? Ikiharibika, barua ya deni itakuja kwa jina la nani? Mwulize kaka yako maswali hayo manne mezani, kwa heshima, shikamoo kwanza, mdogo wenu akiwepo. Jibu la swali la mwisho unalijua tayari.

Na mwambie jambo hili pia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka anayeingia mkataba awe na uwezo wa kuuelewa na kupima unamuathiri vipi wakati anausaini. Mkataba ambao mdogo wako hakuuelewa unaweza kutenguliwa, na anayempeleka mtu kusaini asichokielewa ili yeye afaidike anaweza kujikuta anaulizwa maswali mahali pasipo na chai. Msimkataze mdogo wako. Mwelezeni kwa maneno mafupi, mara mbili, siku mbili tofauti, kisha mwulize anataka au hataki. Akisema hataki, basi.

Umeuliza kuhusu mahakama. Ndiyo, mahakama inaweza kumpa mtu usimamizi wa mali za asiyeweza kabisa kuzisimamia. Lakini mdogo wako anafanya kazi, anasema anachotaka, anajua akiibiwa. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Ibara ya 12 inasema mtu kama yeye ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kazi yetu ni kumpa msaada wa kuutumia. Akaunti ya saini mbili, bahasha za Jumamosi, dada wa kuuliza kwanza, huo ndio msaada wenyewe. Ombi la usimamizi liweke mbali. Huenda msilihitaji kamwe.

Mahakama unayoihitaji wewe ni nyingine, na hili ndilo lililonishtua kwenye barua yako kuliko wakala na bodaboda. Umesema kodi ya vyumba viwili ilikubaliwa kwenye kikao cha ukoo, na kaka mkubwa "anasimamia nyumba." Anasimamia kwa karatasi gani? Makubaliano ya kikao peke yake hayamlindi mdogo wako kaka akiamua kuuza, au kaka akifariki na wanawe wakaja na maneno yao. Kama mirathi haijafunguliwa, ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo: cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo, na mtu aliyependekezwa kuwa msimamizi. Kama kaka aliteuliwa tayari, anatakiwa ndani ya miezi minne tangu ateuliwe apeleke mahakamani Fomu Na. V, yenye orodha ya mali na madeni, na baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, Fomu Na. VI, yenye hesabu ya jinsi alivyozisimamia na kuzigawa. Mdogo wako ni mrithi kama ninyi wote, na mrithi yeyote anaweza kwenda kwa karani na kuuliza fomu hizo ziko wapi. Haki yake ya vyumba viwili iandikwe humo. Kama mnaogopa gharama, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawalipishi. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri atawaelekeza.

Mume wako naye kasema kweli, na dawa ya maneno ya ukoo ni daftari. Kila hela inayotoka benki: tarehe, kiasi, ya nini, risiti imebanwa pembeni, na mdogo wako aweke jina lake mwenyewe kila mstari, maana jina anajua kuliandika. Mara moja kwa miezi mitatu shangazi au mtu mnayemheshimu wote alipitie. Usikope humo hata elfu mbili ya mboga. Siku utakayokopa na kurudisha jioni ileile, ndiyo siku atakayokuja mtu kulikagua.

Akianza kutaka simu janja, na ataitaka, usimkatalie. Aweke akiba kutoka ile laki na sitini, aende dukani achague rangi mwenyewe. Ila wewe ndiye uiandae kabla hajaishika: hakuna programu ya mkopo humo hata moja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na zile zenye leseni nazo hazijui kumuuliza mteja kama ameelewa.

Nenda na mjomba kwa karani, atapata kazi nzuri kuliko ya kuchukua laini. Ukishajua kama Fomu V na VI zipo au hazipo, niandikie, kwa sababu ushauri wa hatua inayofuata unategemea jibu hilo.